Haradali Baada ya Chakula

Mayfair, Johannesburg
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ni mimi mwanao Mariamu. Mwili ni mzima, na mjukuu wako Shamimu naye ni mzima, ila mafua ya baridi ya huku yamemng'ang'ania na sauti imemkauka. Nataka kujua hali yako, na sitaki kuijua juu juu. Kidonda cha mguu kimefikia wapi? Sukari imeshuka? Unakula, au unapelekewa sahani na inarudi jikoni ilivyokuja? Nauliza hivi kwa sababu kila nikimpigia mdogo wangu Rajabu ananiambia mama hajambo kidogo, na hilo "hajambo kidogo" la mtaani kwetu Buyenzi nalijua tangu utotoni. Marehemu baba naye alikuwa hajambo kidogo mpaka asubuhi aliyovishwa sanda.

Mwezi uliopita alifika hapa Mayfair yule bibi muuza vitenge wa karibu na msikiti wetu. Alisema alipita kukuaga kabla ya kupanda basi. Nilimbana, akaniambia kwamba huinuki tena kitandani, na kwamba mke wa Rajabu ndiye anayekugeuza na kukuogesha. Alilia alipokuwa akinieleza, basi nikajua kwamba bado amenipunguzia. Barua hii nampa yeye aje nayo mkononi, Rajabu akusomee. Simu nimeikataa kwa jambo hili. Kwenye simu mdogo wangu hukaa katikati, nikisema hili anakufikishia lile, nawe ukijibu lako ananipa lake.

Mama, jambo lenyewe nalisema sasa hivi, nisije nikazunguka nikaishiwa na ujasiri. Nataka radhi zako. Kuja siwezi. Karatasi yangu ya ukimbizi inanikataza kukanyaga nchi niliyosema nimeikimbia. Nikivuka tu, karatasi imekufa, na kurudi huku ni mlango uliofungwa. Shamimu ana shule hapa, na Kiswahili chetu anakisikia tu, ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Nimelifikiria hili nikifua, nikipika, nikiwa ndani ya teksi, yale mabasi madogo ya huku, na kila mara nimefika pale pale. Kwa hiyo nakuomba radhi kwa karatasi, jambo ambalo sijawahi kusikia mtu wa kwetu amelifanya. Lakini usinijibu kwanza. Sikia yaliyonipata kwa Mzee Hendrik, kwa sababu ndiyo yaliyoniingizia woga nilio nao.

Mzee Hendrik ni yule Mholanzi niliyekuwa nikimtunza kule Kensington, mtaa wa hapa hapa Johannesburg. Ujanani alikuwa seremala wa migodini huko Zambia. Alioa Mwingereza, akazaa naye binti mmoja, Karin, kisha uzeeni wakahamia huku kumfuata binti. Mke akafariki. Baadaye mzee akapigwa na kiharusi, kikamchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na Kiingereza chote. Ndiyo, Mama, lugha. Ile aliyojifunza ukubwani ilikwenda, ikabaki ya mama yake. Kuelewa Kiingereza alielewa, ukimwambia geuka anageuka. Kukisema ndiyo hakuweza. Na Karin, aliyelelewa kwa Kiingereza cha mama yake, Kiholanzi hakijui zaidi ya salamu na majina ya vyakula.

Utaniuliza, je, huko si kwa Makaburu, ambao lugha yao na Kiholanzi ni ndugu? Ni kweli. Jirani yetu alikuwa Kaburu, akaja akajaribu. Lakini kiharusi kilimpinda mzee mdomo, maneno yakawa yanatoka yametafunwa, na jirani aliondoka akitikisa kichwa. Ilitaka sikio la mtu aliyeshinda naye kutwa.

Mtu huyo nikawa mimi. Walikuwa wakitafuta mtunza mgonjwa tu. Siku ya kwanza mzee aliguna akitaka mto uinuliwe, nikamjibu kwa Kiholanzi, akaanza kulia. Miaka yangu ile ya Uholanzi kwa shangazi, ambayo watu wa mtaa walisema nilikwenda kuupoteza ujana halafu nikarudishwa kwa ndege mikono mitupu, hatimaye ilinilisha. Kule nilikuwa nikiosha wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na wazee hao ndio walionifundisha lugha. Vijana wao walikuwa wakinisemesha Kiingereza.

Karin alitupa chumba cha uani, mimi na Shamimu, na juu ya utunzaji akaniongezea kazi nyingine. Yeye alikuwa akiishi upande wa kaskazini wa mji na kuja mwisho wa wiki. Kwa hiyo alitaka kila jioni nimwandikie kwenye simu, kwa Kiingereza, yote ambayo baba yake amesema.

Mwanzoni niliandika neno kwa neno. Ungecheka, Mama. Wale wazee wa Kiholanzi hawasemi jambo mpaka wamelipitisha jikoni au wamelizungushia mnyama. Mzee akigundua kuwa tumemficha kitu, anasema nyani ametokeza kwenye mkono wa shati. Akitaka kungoja aone mambo yanakwendaje, anasema anamtazama paka mpaka ashuke mtini. Akiachiwa matatizo yaliyoletwa na wengine, anasema amebaki na matunda ya peasi yaliyookwa. Nami nikayapeleka kwa binti hivyo hivyo, nyani kwa nyani na peasi kwa peasi. Haukupita muda Karin akaja na daktari. Alikuwa ameshaamini kwamba baba yake amerukwa na akili, anaona nyani na paka ndani ya nyumba.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Mzee akisema jambo, nilijiuliza kwanza sisi Buyenzi tungelisemaje. Halafu nilimfikiria mama mmoja wa Kiingereza, mtu wa makamo, mwenye duka la mikate kwenye barabara kuu ya Kensington, mcheshi, mwenye maneno mengi. Nikajiuliza yeye angelisemaje akiwa amesimama pale nyuma ya mikate yake. Mzee akasema ana kitu juu ya ini. Sisi tungesema ana dukuduku moyoni. Mama wa mikate angesema ana la kutoa kifuani, basi nikaandika la kifuani. Mzee akajiita gogo lililofungwa mguuni mwa mwanawe. Sisi tungesema mzigo, nami nikatafuta mzigo wa Kiingereza, ule wanaousema wao. Siku nyingine neno moja lilinishinda kutwa nzima, nikawa naosha vyombo huku nalitafuna mpaka Shamimu ananiuliza nasali au nafanya nini.

Karin akaanza kuyapenda yale maandishi. Siku moja jikoni aliniambia kwamba tangu azaliwe baba yake hakuwahi kuzungumza naye vizuri namna ile. Alikuwa baba wa amri na kununa, na sasa kila jioni anapata baba mwingine, mwenye mzaha, mwenye huruma. Nilifurahi, Mama. Nilivimba kichwa, nikajiona fundi.

Basi Karin akaamua kuhamia Australia. Mumewe alikuwa amepata kazi huko, na wezi walikuwa wameingia kwao wakamfunga kamba mfanyakazi wao, akasema mji huu umemtosha. Hilo simlaumu, hata mimi umenitosha, ila mimi sina Australia. Tatizo ni kwamba siku ya mazishi ya mama yake alimwahidi baba yake, pale pale kaburini, kwamba hatamwacha. Nalijua kwa sababu mzee alinisimulia mara nyingi, akiwa ameuelekeza uso dirishani. Karin alimpa habari ya Australia mwenyewe, kwa Kiingereza, na mzee alielewa kila neno. Kuanzia siku ile hakumsemesha tena binti yake. Kwangu aliomba chai, aliomba kugeuzwa, alilalamikia baridi, lakini jina la Karin halikupita mdomoni mwake.

Mpango wa Karin ulikuwa mzee abaki nyumbani kwake, mimi niendelee kumtunza, na nesi awe anapita kumwangalia. Kwa hiyo paa langu na la mwanangu lilikuwa juu ya mpango huo. Nalisema mimi mwenyewe, usije ukalisikia kwa mwingine.

Siku za safari zilipokaribia Karin akawa anakuja kila siku, amekonda, macho mekundu. Akaniuliza, nifanye nini Mariam, baba hata hanitazami. Ndipo nilipoingiza mila yetu, Mama. Nilimwambia kwamba kwetu mtoto hafungi safari ndefu bila radhi za mzazi. Unamwendea asubuhi, unakaa chini, unamshika mikono, unamwambia niwie radhi, naye anakupa, unakwenda zako na moyo mwepesi. Akaniuliza, na kama atakataa? Nikacheka. Nikamwambia hayuko mzazi wa kukataa.

Nilikuwa nikisema ukweli ninaoujua. Wewe mwenyewe niambie, ni nani pale kwetu uliyemsikia anaombwa radhi na mwanawe anayesafiri, akamnyima? Hata Mzee Ramadhani wa nyumba ya kona, aliyegombana na mwanawe kwa ajili ya kiwanja mpaka wakafikishana mahakamani, siku mwanawe anaondoka alitoka nje kwa fimbo yake akamwambia nenda mwanangu, radhi unazo. Gari lilipokata kona alianza upya kumsengenya, lakini radhi alizitoa. Kwetu swali hilo lina jibu moja, na kila mtu analijua kabla ya kuuliza. Sikufikiri kwamba Mholanzi ukimuuliza swali, atakaa alifikirie.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshamnyoa mzee na kumpa uji wake, amekaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha na blanketi magotini. Karin aliketi chini kwenye zulia kama nilivyomwelekeza. Akaushika ule mkono wa kushoto, ulio mzima. Akamwambia, "Baba, naondoka Alhamisi. Najua nilichokuahidi. Nisamehe. Nataka niende ukiwa umeniruhusu kwa moyo wako."

Mzee alimtazama. Mkono hakuuondoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, isiyo na hasira hata kidogo, "Haradali baada ya chakula, mwanangu."

Waholanzi husema hivyo kuhusu kitu kinacholetwa wakati hakina kazi tena. Watu wameshakula, sahani zimeoshwa, ndipo unakuja na haradali ya kulia nyama.

Mimi nilielewa papo hapo. Lakini haradali, Mama, ni chakula, na majina ya vyakula Karin aliyajua. Uso wake ulifunguka. Akaniuliza, anataka haradali? Hakungoja jibu. Aliinuka akakimbilia jikoni, nikamsikia anafungua kabati moja na kufunga jingine, anatafuta. Alikuwa na furaha. Baba yake alikuwa amemsemesha baada ya kimya kile chote, tena amemwomba kitu, na kitu chenyewe anaweza kumpa. Alirudi na chupa ya haradali, kijiko, na kipande cha mkate juu ya sahani, akapiga magoti tena pale pale.

Ningeweza kunyamaza. Hayuko ambaye angenishtaki: haradali ametaja, haradali ameletewa. Au ningesema, ndiyo, anasema radhi unazo na angependa mkate kidogo. Karin angepanda ndege yake, mzee angebaki nyumbani kwake, mimi na mtoto tungebaki chumbani kwetu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo, sikufichi. Lakini mzee alikuwa ananitazama mimi, hamtazami binti. Kiingereza kukisikia alikisikia. Akasema, "Mwambie, dada." Dada ndivyo wanavyowaita wauguzi kwao.

Nikamwambia. Nilimwazima mama wa mikate sauti yake, nikalilainisha neno kadiri lilivyolainika, lakini nililisema: baba anasema umechelewa, mwanangu, sasa haisaidii kitu.

Karin aliweka sahani chini. Alimgeukia baba yake akamuuliza kama ni kweli. Mzee alikuwa ameshafumba macho, na akishafumba macho yule, hata nyumba ingeungua asingeyafumbua. Basi akanigeukia mimi.

"Amesema haradali," akaniambia. "Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Nikamweleza. Nikamwambia ni namna yao ya kusema, hata Makaburu wana msemo huo huo, amuulize jirani. Akasema hataki kumuuliza mtu yeyote. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Kisha akaniuliza taratibu, bila kelele, "Miezi yote hii nilikuwa nazungumza na nani? Na baba yangu, au na wewe?"

Yale maneno matamu ya kila jioni, ambayo mkono wangu umo ndani yake, aliyaamini yote. Na neno moja chungu, lililokuwa la mzee mtupu, hilo ndilo aliloamini kwamba nimelitunga. Alisema pengine nilitaka mzee abaki mikononi mwangu, yeye na nyumba yake. Mama, ningetaka nyumba, ningesema radhi unazo. Nilimwambia hivyo, lakini alikuwa hanisikii tena.

Mpango ukabadilika siku ile ile. Karin aliisogeza mbele safari yake kidogo, akamtafutia mzee nafasi katika nyumba ya kutunza wazee upande wa pili wa mji, akaiweka nyumba sokoni. Asubuhi ya kumhamisha, wale vijana wa gari la wagonjwa walipomfikisha mlangoni, mzee aliushika mwimo kwa mkono wake mzima. Milango yote ya nyumba ile aliitengeneza upya mwenyewe alipohamia, kabla ya kiharusi. Walimbandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, huku wakimwita babu. Alikuwa akinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimekatazwa kupanda gari lile, nikasimama uani na beseni la nguo mkononi.

Tuliambiwa tuhame mwisho wa mwezi, tukahamia hapa Mayfair. Chumba tunagawana na Mama Hawa, Mkongomani wa Uvira, fundi cherehani, pazia katikati, nyuma ya duka la Msomali. Mama Hawa ni mtu mwema, ila cherehani yake haina adabu. Faida ya hapa ni msikiti, naufikia kwa miguu, na adhana naisikia nikiwa kitandani. Shamimu anapanda teksi mbili kufika shule. Nimepata kazi ya kufagia na kupiga deki kwenye jengo la ofisi, maneno hayatakiwi huko. Wiki iliyopita nilimpeleka Shamimu zahanati kwa ajili ya hayo mafua, tukakuta vijana wamesimama getini wanadai kitambulisho cha uraia kabla mtu hajaingia. Tukageuza. Nimempa tangawizi na asali.

Nilikuwa nikienda kumtazama mzee kila nilipopata nafasi. Kule hawakujua la kufanya naye. Muuguzi mmoja, Mzimbabwe, mtu mzuri aliyechoka, aliniambia, "Eish, dada, huyu mzee wako ukimsikiliza sana unapata vyakula na wanyama tu. Daktari ameagiza dawa ya kumtuliza." Nilimweleza kwamba mzee ana akili zake, kwamba ile ni misemo. Akaniitikia kwa heshima, na dawa ikaendelea. Nami ningefanyaje? Hata ningewaandikia maana ya kila msemo, nani angekaa kusoma, na wagonjwa wamejaa ukumbi mzima?

Mara ya mwisho nilimkuta amekuwa mdogo kitandani, mashavu yameingia ndani. Aliniomba maji. Kisha akalitaja jina la Karin, nikashtuka. Akaunyanyua ule mkono wake mzima kwa shida, akauweka mbele ya uso, vidole ameviachanisha, akanitazama katikati yake. Akasema kwamba anaangalia kati ya vidole. Wao husema hivyo mtu anapokuwa ameliona kosa, lote, wazi, kisha akaamua kutolihesabu. Sisi tunasema kufumba macho, lakini yeye hakufumba. Akasema tena, "Mwambie, dada."

Hizo ndizo radhi, Mama. Alizitoa. Alizitoa kwa kuchelewa, katika chumba kinachonuka dawa ya sakafu, mbele ya mtu ambaye si mwanawe.

Nilitoka ukumbini nikamwandikia Karin papo hapo, nimesimama ukutani. Niliandika kwa Kiingereza kizuri kama nilivyozoea, sentensi safi isiyo na doa: baba yako amekusamehe. Niliona ameisoma. Jibu lake lilikuwa kwamba nisimwandikie tena. Nilibaki pale ukutani nikiitazama ile sentensi yangu, ndipo nikaona upumbavu wangu. Ndiyo sentensi ambayo mwongo yeyote angeiandika. Ningeandika ule mkono mbele ya uso na vile vidole, pengine angemwona baba yake humo, kwa sababu hayuko mtu wa kukaa akatunga kitu kama kile. Nikaandika upya, neno kwa neno, mkono, vidole, kila kitu. Haikufika. Alikuwa ameshanifungia.

Mzee Hendrik alifariki wiki ile. Yule muuguzi wa Kizimbabwe ndiye aliyenipigia, kwa wema wake tu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikija. Karin alipanga mambo yote kwa simu kutoka huko aliko. Walimchoma, ndiyo desturi yao, na wapi sikuambiwa. Kwa hiyo hivi sasa ninavyokuandikia kuna mwanamke Australia anaamka kila asubuhi akijua kwamba baba yake alimnyima radhi, au kwamba mtumishi alimdanganya, sijui anaamka na lipi kati ya hayo. Radhi zake ninazo mimi. Zimekwama kwangu na sina njia ya kuzifikisha. Nimehangaika nalo, nimelilia, na zaidi ya yote limenitia hasira, juu yake na juu yangu.

Sasa nakuja kwako, Mama. Nilizoea kuona kwamba ni jambo la kuomba na kupewa. Leo nakuomba kama wanavyouliza Waholanzi, yaani nakuuliza, nawe una haki ya kufikiri. Ulimuuguza baba peke yako mimi nikiwa huku. Wewe mwenyewe sasa unageuzwa na mke wa Rajabu, naye hukumzaa, na mtoto uliyemzaa anapiga deki ofisi za watu. Hujawahi kunisema kwa hilo hata mara moja, na kimya chako kinanitisha kuliko lawama. Kama unalo moyoni, litoe. Mimi ni mtu mzima, nitalibeba. Na kama huna, niambie pia.

Nisalimie Mjomba Saidi, fundi wetu wa baiskeli, mwambie mgongo aupumzishe. Shangazi Zaituni muuza mawese nampa mkono, nimemiss kelele zake. Maalim Idi aliyenifundisha juzuu ya kwanza, niombee dua kwake. Asha, mke wa Rajabu, anayekuogesha na kukulisha, sijui nimwambie nini. Mwambie kila sijda yangu yumo. Watoto wao wote nawabusu, hata yule mdogo ambaye sijamwona.

Na wewe Rajabu, mdogo wangu, unayesoma. Nakujua. Mpaka hapa umesharuka mistari, umeruka yale ya sanda, umeruka yale ya bibi wa vitenge kulia. Rudi uyasome yote, ana haki ya kusikia. Ukimaliza, mweke vizuri kwenye mto, muulize, halafu chukua kalamu uandike anayosema yeye. Akichanganya Kirundi, changanya. Akikohoa katikati, andika kwamba amekohoa. Akiniita majina yale aliyokuwa akiniita nikichelewa kurudi kutoka kisimani, yaandike. Usininyooshee. Ukiniandikia kwamba mama amekupa radhi, basi, sentensi moja safi, sitaiamini, na nitakuwa kama yule mwanamke wa Australia wakati radhi ninazo. Akininyima, andika hivyo hivyo. Na kama umeifungua barua hii ukiwa huna tena wa kumsomea, niandikie hilo.

Mimi mwanao, na dada yako,
Mariamu